Kiki, usanii, sarakasi: kuutaja mchezo wa mgombea kwa Kiswahili

Tarehe 20 Oktoba 2024, siku 16 kabla ya uchaguzi wa rais nchini Marekani, Donald Trump alivaa aproni juu ya shati jeupe na tai nyekundu katika mgahawa wa McDonald's ulioko Feasterville-Trevose, jimbo la Pennsylvania. Alikaanga vibanzi, kisha akawapa watu vifurushi vya chakula kupitia dirisha la kuhudumia magari. Mgahawa ulikuwa umefungwa kwa umma, na waliofika dirishani walikuwa wamekaguliwa mapema. Siku 10 baadaye, huko Green Bay, Wisconsin, mgombea huyohuyo alipanda lori la taka akiwa amevaa kizibao cha rangi ya machungwa, vazi la wazoa taka na mafundi wa barabara.

Kwa mtafsiri wa habari, ugumu wa tukio kama hili hauko katika msamiati wa jikoni. Kenya wataandika "vibanzi", Tanzania wataandika "chipsi", na msomaji ataelewa. Ugumu uko katika kitenzi kikuu. Alifanya nini mtu huyu? Kusema "alikaanga vibanzi" ni kweli tupu. Kusema "alijifanya mkaanga vibanzi" ni kweli pia. Kusema "alitafuta kiki", "alifanya usanii" au "aliigiza" ni kutoa hukumu, na kila neno kati ya hayo lina hukumu yake. Kiingereza kina istilahi moja iliyozoeleka kwa tendo la aina hii, yenye lawama nyepesi inayoweza kupuuzwa. Kiswahili hakina neno moja la namna hiyo. Kina ukoo mzima wa maneno, na anayeokota lolote bila kulipima huingia katika kampeni bila kujua yuko upande wa nani.

Njia ya kuyapambanua ni kulitazama tendo lenyewe kuwa ni kauli. Mgombea anayesukuma wilbaro, anayepanda daladala au anayekaanga chipsi hasemi kwa kinywa, lakini anasema: "Mimi ni mwenzenu, kazi yenu naijua, na nikipata madaraka sitawasahau." Kauli hiyo ina sehemu kadhaa, na kila neno la Kiswahili hukanusha sehemu yake.

Maneno ya hukumu

"Maigizo" ndilo pole kuliko yote. Mzizi wake ni -iga, na mtu anayeigiza jukwaani hamdanganyi yeyote, kwa kuwa mtazamaji ameketi akijua kuwa mfalme aliye mbele yake si mfalme. Kuiita ziara ya sokoni "maigizo" ni kusema kwamba haikuwa maisha halisi, lakini si lazima iwe na maana kwamba kuna aliyelaghaiwa. Mwandishi anayetaka kubaki mbali kidogo na ugomvi anaweza kulitumia bila kuona haya.

"Usanii" ni jambo jingine. Neno hili linatokana na "sanaa", lenye asili ya Kiarabu na maana ya ufundi wa kuunda kitu, na katika darasa la fasihi bado lina heshima yake yote. Katika mazungumzo ya siasa, hasa Tanzania, limegeuka kuwa jina la ulaghai uliopambwa vizuri. Anayesema "ile ziara ilikuwa usanii mtupu" hasifu ufundi. Anashitaki. Walimu hukutana na tatizo hili mara kwa mara: mwanafunzi anaandika katika insha ya uhakiki kwamba "mwandishi ametumia usanii mwingi", na msomaji aliyezoea magazeti ya siasa anatabasamu. Maana zote mbili ni sahihi. Muktadha ndio unaoamua, na sentensi isiyo na muktadha wa kutosha iandikwe upya.

"Sarakasi" hukanusha hadhi. Hutumika vizuri zaidi pale ambapo mwili wenyewe umeingia katika hoja. Katika kampeni za mwaka 2015 nchini Tanzania, John Magufuli alipiga pushapu jukwaani mbele ya umati, wakati ambapo afya ya mpinzani wake mkuu, Edward Lowassa, ilikuwa ikizungumzwa mitaani. Kwa aliyemuunga mkono, huo ulikuwa ushahidi wa nguvu za kufanya kazi, na kaulimbiu yake ilikuwa "Hapa Kazi Tu". Kwa asiyemuunga mkono, ilikuwa sarakasi. Neno hili limezoeleka pia kwa vurugu za bungeni na mivutano ya vyama, na huko limepoteza picha ya viungo vya mwili kabisa. Likirudishwa kwenye pushapu linapata tena makali yake.

"Kituko" na "kioja" ni maneno ya mtazamaji. Hayasemi lolote kuhusu nia ya mtendaji. Mgombea anayekula chakula asichokijua mbele ya kamera anaweza kuzua kioja bila kukusudia, kama Gerald Ford alivyofanya mwaka 1976 mjini San Antonio, Texas, alipouma tamale pamoja na ganda lake la hindi, jambo ambalo mtoto yeyote wa mtaa ule asingelifanya. Alikuwa amekwenda kuonyesha kwamba yu mwenzao, na ganda likaonyesha kinyume.

Lipo "kiki", neno changa kuliko yote hapa, lililokulia katika habari za wasanii wa muziki na mitandao ya kijamii. "Kutafuta kiki" ni kufanya jambo ili utajwe. Ni neno la mtaani, na katika maandishi rasmi huwekwa ndani ya alama za mtajo au hubadilishwa kuwa "kujitafutia umaarufu". Lakini kasoro yake kubwa haiko katika rejista. Neno hili linakosea nia. Mwanamuziki anayetangaza ndoa ya uongo anataka kujulikana. Mgombea urais aliyekuwa waziri mkuu, naibu rais au rais anajulikana kupita kiasi. Anachokosa ni kufanana na watu anaoomba kura zao, na huo ndio mwanya anaojaribu kuuziba kwa aproni au kizibao. Anayeliita tendo hilo "kiki" ameona kamera, lakini hakuuona umbali kati ya mgombea na mpigakura. "Kuuza sura" lina upungufu uleule.

Upande wa pili wa uzani kuna maneno ya wafuasi: "kujishusha", "kujichanganya na wananchi", "kwenda kujionea adha". Agosti 2015 Lowassa, waziri mkuu wa zamani, alipanda daladala jijini Dar es Salaam. Mwandishi wa upande wake angeandika kwamba alikwenda kujionea adha ya usafiri. Wa upande wa pili angeandika kwamba aliigiza uabiria. Wote wawili wangekuwa wanaeleza safari ileile na nauli ileile.

Si kila neno la kusafisha ni la hiari. "Takrima" ni ukarimu kwa mgeni, neno lenye heshima ya Kiarabu na ya pwani. Mwaka 2000 sheria ya uchaguzi ya Tanzania ilirekebishwa ili kuruhusu takrima wakati wa kampeni, yaani mgombea aweze kuwakirimu wapigakura kwa nia njema bila kuhesabiwa kuwa ametoa hongo. Mwaka 2006 Mahakama Kuu ilivibatilisha vifungu hivyo. Sheria iliondoka, lakini neno halikurudi lilikotoka. Hadi leo msomaji wa Tanzania akilikuta katika habari za uchaguzi hulisoma kwa jicho moja limefumbwa, na mtafsiri anayelitumia kwa maana ya ukarimu wa kawaida katika habari za kisiasa atapeleka ujumbe asioukusudia.

Anayebembelezwa ni nani?

Kosa linalotokea zaidi katika tafsiri za mada hii halihusu mgombea, linahusu mpigakura. Habari za Ulaya na Marekani hutaja tabaka ambalo kwa Kiswahili cha vitabu ni "tabaka la wafanyakazi". Istilahi hiyo ni halali katika nadharia, na wasomi wa siasa wanaihitaji. Katika habari ya kawaida inapotosha. Kwa msomaji wa Dodoma au Nakuru, "mfanyakazi" ni mtu mwenye mwajiri, mshahara na pengine chama kinachoandamana Mei Mosi. Wanaobembelezwa katika kampeni za Afrika Mashariki kwa sehemu kubwa hawana mwajiri: ni machinga, mamantilie, waendesha bodaboda, wasukuma mikokoteni, vibarua wa ujenzi wanaoamka bila kujua kama leo wataitwa. Ukimwambia msomaji huyo kwamba mgombea wa Marekani alikuwa akiwania kura za "wafanyakazi", atawaza walimu na makarani. "Wavujajasho" hukaribia zaidi. "Watu wa kipato cha chini" ni salama na haina uhai.

Yapo maneno yenye uhai, na kila moja lina namna yake ya kumtazama maskini. "Mnyonge" humtazama kama anayehitaji mtetezi. Methali "mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni" inacheza na sauti, na mchezo huo wenyewe unamweka mnyonge mikononi mwa wengine: wao ndio wenye kumnyonga na wao ndio wenye kumpa haki. Magufuli alijitambulisha kuwa rais wa wanyonge, na Desemba 2018 serikali yake ilianza kugawa vitambulisho vya wafanyabiashara wadogo kwa shilingi 20,000 ili wasibughudhiwe na halmashauri. Neno na kitambulisho vilikwenda pamoja, kwa kuwa anayeitwa mnyonge ameahidiwa ulinzi. Hakuahidiwa mtaji.

"Mlalahoi" ni picha ya usiku: mtu aliyelala akiwa hoi, amechoka asiweze hata kugeuka. Lina uchungu, lakini pia lina kicheko cha mtu anayejicheka, ndiyo maana wenyewe hulitumia bila kuona wametukanwa. Wazungumzaji wameliundia mwenzake, "mlalahai", kwa wale ambao usiku wao ni mzuri zaidi. "Kabwela", hasa katika "akina kabwela", lina ukaribu wa mtaani na halifai katika taarifa rasmi. Kenya kuna "Wanjiku", jina la kike la Kikikuyu lililokuwa jina la raia wa kawaida katika mjadala wa katiba tangu enzi ya Rais Moi. Mtafsiri wa Tanzania asilihamishe bila maelezo, la sivyo wasomaji wake watatafuta huyo Wanjiku ni nani.

Halafu kuna "hasla".

Wilbaro na pipa la sida

Katika Kiingereza cha asili neno hili halina sifa njema. Humtaja mjanja anayeishi kwa hila. Nairobi ililigeuza. Huko hasla ni mtu anayejitafutia riziki kwa njia yoyote halali inayopatikana, bila mtaji na bila mjomba ofisini. Linapishana na maneno mengine kwa jambo moja ambalo kamusi isipolionyesha itakuwa haijalieleza. Mnyonge, mlalahoi na fukara ni majina ya hali. Hasla ni jina la tendo. Humtaja mtu kwa jitihada yake, na ukosefu wake unabaki nyuma. Maneno ya Kiswahili yanayokaribia ni "mchakarikaji" na "mpambanaji", na la kwanza linastahili kutumiwa zaidi kuliko linavyotumiwa sasa.

William Ruto alilichukua neno hilo akiwa naibu rais wa Kenya. Alisimulia mara nyingi kwamba alipokuwa kijana aliuza kuku kando ya barabara, na akaupanga uchaguzi wa Agosti 2022 kuwa shindano kati ya mahasla na koo za watawala. Chama chake cha UDA kilichagua wilbaro kuwa nembo, na kaulimbiu ikawa "Kazi ni Kazi". Kabla ya hapo alikuwa amekwisha kugawa wilbaro na mikokoteni kwa vikundi vya vijana. Wakosoaji waliuliza swali la haki: je, kijana mwenye cheti apewe wilbaro na mtu anayetembea kwa msafara wa magari, kisha ashukuru?

Hapa panahitaji usahihi wa vifaa. Wilbaro ina gurudumu moja mbele na mikono miwili nyuma. Tanzania wengi huiita "toroli". Mkokoteni, kutoka kitenzi -kokota, kwa kawaida ni wa magurudumu mawili na huvutwa au kusukumwa sokoni ukiwa na magunia. Kenya huitwa pia "rukwama". Aliyetafsiri nembo ya UDA kuwa "mkokoteni" amebadilisha kazi, na pamoja na kazi amebadilisha watu: mwenye wilbaro ni kibarua wa mjengo, mwenye mkokoteni ni mchukuzi wa soko.

Dhihaka dhidi ya wilbaro haikuizamisha. Kwa sehemu iliisaidia, na jambo hilo lina historia ndefu mbali na Nairobi. Desemba 1839, kuelekea uchaguzi wa 1840, gazeti moja la Baltimore lilimkejeli William Henry Harrison, mgombea wa chama cha Whig, kwamba apewe pipa la sida, yaani pombe ya tufaha, na pensheni, naye atakaa kwa raha katika kibanda chake cha magogo maisha yake yote. Kejeli ilikosa shabaha mara mbili. Kwanza, Harrison hakuwa mtu wa kibanda. Alizaliwa katika ukoo wa wenye mashamba makubwa wa Virginia, na baba yake alikuwa mmoja wa waliotia sahihi Tamko la Uhuru. Pili, wapigakura wengi waliishi katika vibanda vya magogo na kunywa sida. Chama chake kikaiokota kejeli na kuifanya bendera: vibanda vidogo vikakokotwa juu ya magari katika maandamano, na sida ikagawiwa. Harrison akamshinda Rais Martin Van Buren kwa kura 234 dhidi ya 60 za wajumbe.

Kilichotokea 1840 kilirudi 2022 kwa umbo lile lile. Anayemcheka mgombea kwa sababu ya wilbaro anaweza kudhani anamcheka mgombea. Anayesukuma wilbaro husikia akichekwa yeye. Ndiyo maana neno la hukumu halimhusu mwanasiasa peke yake. Ukiandika "sarakasi ya wilbaro" umemvua hadhi nani? Ukiandika "usanii wa wilbaro" lawama inabaki kwa aliyeipanga, na chombo cha kazi kinabaki chombo cha kazi. Tofauti hiyo ya neno moja ina uzito kuliko kurasa nyingi za uchambuzi, na kwa mkosoaji mwenye nia njema "usanii" ndilo lenye haki zaidi.

Ruto alishinda kwa asilimia 50.49 dhidi ya 48.85 za Raila Odinga. Bila shaka wilbaro peke yake haikumpa ushindi. Kulikuwa na ukoo, eneo na miungano ya vyama. Lakini idadi kubwa ya watu waliambiwa hadharani kwamba wanachofanya kinaitwa kazi, na pengo la kura lilikuwa dogo.

Sarufi ya kujifanya

Vitenzi vya Kiswahili vina kirejeshi -ji-, chombo bora kwa mada hii ambacho tafsiri nyingi hukiacha sandukuni. "Alijifanya abiria" husema kwamba alichukua sura ya abiria; lawama ipo lakini ni ya wastani. "Alijitia abiria" ina dharau ya wazi, na msomaji husikia sauti ya jirani anayebinua mdomo. "Alijidai mtu wa kawaida" humshitaki kwa majivuno, na ina kinaya kizuri, kwani hapa mtu anajivunia udogo. "Alijishusha" humpongeza. Kauli nne, tendo moja, silabi moja ileile.

Vichwa vya habari hufanya kinyume. Desturi ya magazeti ni kutumia njeo ya -a-: mgombea apanda daladala, mgombea akaanga chipsi, mgombea asukuma wilbaro. Muundo huo ni mfupi na sahihi, na ndio hasa mpangaji wa tukio alioutaka. Unaondoa kamera, ukaguzi, walinzi na mgahawa uliofungwa, na kubakiza mtu na kitenzi cha kazi. Mhariri asiyetaka kutumiwa, na asiyetaka pia kutukana, ana njia rahisi: aweke mahali au muda ndani ya kichwa. "Mgombea akaanga chipsi katika mgahawa uliofungwa" haina neno hata moja la hukumu. Vilevile "apanda daladala kituo kimoja", ikiwa kweli kilikuwa kimoja.

Hata "mgombea" lina jambo la kusema. Limetokana na -gombea, kauli ya kutendea ya -gomba, yaani kuteta. Mgombea ni anayeteta kwa ajili ya kitu. Warumi walimwita mwombaji wa cheo kwa jina lililotokana na joho lake lililong'arishwa kwa chaki, na lugha nyingi za Ulaya zimelirithi. Wao walitazama vazi, Waswahili walisikia ugomvi. Kwa mada ya aproni na vizibao, Warumi walikuwa na hoja.

Hasla baada ya 2022

Tarehe 30 Novemba 2022 serikali mpya ya Kenya ilizindua hazina ya mikopo midogo kwa jina la hasla, kuanzia shilingi 500 hadi 50,000. Neno la mtaani likawa jina la mfuko wa serikali. Mwaka uliofuata, sheria ya fedha ilipandisha kodi ya mafuta ya petroli kutoka asilimia 8 hadi 16, na mwendesha bodaboda aliihisi kabla ya mchumi. Juni 2024 vijana waliingia barabarani kupinga mswada wa fedha wa mwaka huo, na rais alikuwa amekwisha kupewa jina la Zakayo, mtoza ushuru wa Injili aliyepanda mti na kuambiwa ashuke.

Kwa mtunga kamusi, kipindi hicho kimeacha ingizo lenye maana mbili. Hasla wa kwanza bado yupo: anayejitafutia riziki, neno la sifa, wingi "mahasla". Wa pili husemwa kwa kinaya, na humtaja mtu mkubwa anayejitia mdogo wakati wa kura. Maana ya pili hutambulika kwa urahisi, kwa kuwa mara nyingi hutanguliwa na gari la kifahari katika sentensi hiyohiyo. Katika tafsiri, ya kwanza inaweza kuwekwa "mchakarikaji" bila hasara kubwa. Ya pili iachwe ilivyo, "hasla", ikiwezekana ndani ya alama za mtajo.